Buni za Ma Kokubanza

Rwehumbiza aliwaeleza wageni waliofika dukani kwake kwamba arabika ilitoka milima ya Ethiopia, nayo ndiyo kahawa ya waungwana. "Robusta imetoka misitu ya huku kwetu," alisema. "Chungu! Hiyo ni ya kuchanganyia tu."

Hapo mama yake, Ma Kokubanza, akaingia na kifurushi cha buni za robusta alizozichemsha na kuzianika mwenyewe, zile ambazo mwanawe alipenda kuzitafuna tangu utotoni.

"Ni nani huyu?" mgeni mmoja aliuliza.

"Muuza buni," Rwehumbiza alijibu upesi.

Mama akapiga goti, akakiweka kifurushi mezani kwa mikono miwili.

"Mzigo wako huu, bwana," alisema, akatoka.

Wageni wakatafuna, wakasifu, wakauliza zinapatikana wapi. Uso ulimwaka Rwehumbiza kwa aibu. Alikimbilia mlangoni. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ameinama, akijipangusa vumbi miguuni kwa ncha ya kanga.