Sekunde Sita Zisizo na Damu

Magazeti ya Oslo yalimpachika Borghild majina mengi, na lililomganda ni Mama Damu. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa akikata hata damu ya puani kwenye filamu za ndondi. Halafu asubuhi moja akaruhusu shoka lipasue kichwa cha mtu kwenye sinema za Norwei, sekunde kumi na moja nzima. Baada ya hapo nani angemzuia nani? Mwaka uliofuata ikaja misumeno. Uliofuata tena, matumbo nje.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, wakaguzi watatu wa filamu wameketi kwenye chumba chao kidogo cha maonyesho, kila mmoja na mkate wake wa jibini ya kahawia ndani ya karatasi. Tormod, mwenyekiti, akauliza swali ambalo sheria inamtaka aulize: kuna mwenye ndugu katika filamu hii? Mwenye ndugu hutoka nje, na kura yake hutoka naye.

"Ya Waitaliano hii," alisema Ingunn, mdogo wao. "Labda wewe una mchepuko huko, bosi."

Wakacheka. Hata Borghild, ambaye tangu msimu wa baridi uliopita hakuwa mtu wa kucheka, alitabasamu kidogo. Akajibu kama wenzake: hakuna.

Filamu ilikuwa upuuzi mtupu, kwa kweli. Mwendawazimu mwenye shoka anawafukuza watalii hotelini, milimani. Ilipofika sekunde zile kumi na moja, Ingunn alifumba macho.

"Denmark wameipitisha," Tormod alisema, na alikuwa anajua anapigia mbuzi gitaa. "Sisi tu ndio bado tunawaziba watu wazima macho."

Alikuwa mmoja dhidi ya wawili, kama kila wiki. Borghild akipinga, Ingunn alimfuata, na mkasi ukapita.

Shoka likamfukuza shujaa hadi juu ya paa. Anaonekana mgongo tu, koti jekundu, theluji inapeperuka. Anapuliza viganja mara mbili, anaruka, anaanguka chini kwa bega. Picha inabadilika. Shujaa anaamka, anajipangusa, anaikonyeza kamera.

"Rudisha," alisema Borghild.

Sverre, mwendesha mashine, akarudisha. Akaambiwa arudishe tena. Mara ya tatu Tormod alitazama saa yake.

"Hapo pakatwe," Borghild alisema. "Kuanzia paani mpaka anapofika chini. Sekunde sita."

"Pakatwe nini? Hakuna damu hata ya mbu!"

"Pakatwe."

"Borghild, mtu kaanguka kwenye theluji! Watoto wetu wanaanguka hivyo kila siku wakienda shule. Na wala si mwigizaji mwenyewe, ni wale vijana wanaolipwa kuruka badala yake. Ndiyo kazi yao. Tena huyu fundi, anaanguka kama gunia. Apewe tuzo."

Borghild aliufunga mkate wake bila kuuonja.

"Ingunn?"

"Dada, kwa hili siwezi kukufuata," Ingunn alisema kwa upole. "Sababu tutaandika nini? Tutachekwa na mji mzima."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Borghild alikuwa peke yake upande mmoja wa meza, na filamu ilikuwa inasubiriwa na majumba sitini ya sinema. Akamgeukia Tormod.

"Nipe sekunde zangu sita, nikupe shoka lako."

"Lote?"

"Lote. Na ubongo wake."

"Borghild!" Ingunn alisimama. "Watu watatapika! Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kikishapita kimoja, vingine havizuiliki."

"Ubongo ule ni uji na rangi," alisema Borghild. "Miaka yote hii nimekuwa nakata uji."

Tormod alipiga muhuri upesi, kabla mwenzake hajabadili mawazo. Ingunn alitoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakumwita tena dada. Mjini wakasema kazeeka. Wengine wakasema kahongwa. Hakujitetea kwa neno hata moja, na mimi hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mchana alishuka chumba cha kukatia. Sverre alikuwa ameshautoa ule ukanda, karibu mita tatu, anautafutia kopo la kumbukumbu. Borghild aliuchukua kwa kingo, akauinua mbele ya taa, akaufuata picha kwa picha, akirudi nyuma: kutoka theluji kwenda hewani, kutoka hewani kwenda paani. Akasimama pale mtu wa koti jekundu alipokuwa bado amesimama, viganja mdomoni.

"Hapa," alisema. "Hiki kipande cha kabla hajaruka, nikatie mimi."

"Sheria hairuhusu, mama. Vyote vinahifadhiwa." Sverre alimtazama usoni, akashusha sauti. "Kwani kina nini? Jamaa kasimama tu."

"Waliniambia siku ile kamera zilikuwa zimezimwa."

"Akina nani?"

"Walioniletea jeneza la mwanangu."