Mgonjwa wa Ng'ambo ya Korongo

"Kopo la tatu hili, ndani ya siku kumi," Patrisi alisema, akiligonga kopo la mafuta ya kukamulia juu ya meza ya duka. "Huyo ng'ombe mnampaka au mnamlisha?"

Resiato alihesabu noti, akazipanga mezani. Alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya korongo, mjane wa Kimasai aliyehamia Karatu kutoka Ngorongoro, mtu asiye na maneno mengi. Siku ya kwanza alikuwa ameulizia tu mafuta ya kutuliza ngozi iliyochubuka, na Patrisi akamkatisha kwa kumwuliza ng'ombe wake ana nini. Tangu hapo alijibu alichoulizwa, basi.

Patrisi hakuwa daktari wa mifugo. Alikuwa muuza dawa za mifugo, ila ukimwambia hivyo umetafuta ugomvi. Alimdharau bwana mifugo kwa kuwa amesoma chuoni, akawadharau wafugaji kwa kuwa hawakusoma kabisa. Wateja wa Endamarariek waliofika dukani wamesahau dalili njiani aliwaita vichwa vya mbuzi mbele ya wake zao. Watu walimvumilia kwa sababu dawa zake hazikuwa feki.

"Haya, nieleze tena. Polepole, kama mtu mwenye akili."

"Ni vipele, Baba Isaya. Viko kwenye mikunjo ya ngozi. Chini ya tumbo, mapajani, na huku kwapani. Panakuwa pabichi, panatoa harufu. Halali kwa kuwashwa."

"Mikunjo imetoka wapi?"

"Alikuwa mnene sana. Akapasuliwa tumbo, akapungua haraka. Ngozi ikabaki inaning'inia."

Patrisi alicheka kwa pua. "Mifuko ya plastiki hiyo. Ng'ombe wenu wanameza mifuko jalalani, mnaita mtu awapasue, halafu mnashangaa. Kuna watu hawafai kufuga hata kuku. Na zaidi ya kumpaka mnamfanyia nini?"

"Tunamwosha kwa maji ya vuguvugu. Tunamkausha vizuri, tunaweka vitambaa vya pamba kwenye mikunjo ili pasisuguane."

"Vitambaa. Kesho mtamshonea gauni."

Lakini kicheko kilimkauka. Vipele, harufu, kukonda. Tangu wiki iliyopita kulikuwa na tetesi za mapele ngozi katika vijiji vya bondeni, na ugonjwa huo ukiingia zizini hauchagui. Patrisi alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, na nje ya duka hili ndio mali yake yote. Nzi wa kwa Resiato ndio nzi wa kwake, korongo haliwazuii.

"Nakuja kumwona," alisema.

Kwa mara ya kwanza Resiato aliinua macho. "Hapana. Mwenyewe anaona aibu. Anataka apone kwanza ndipo aonekane."

"Aibu angeiona mapema." Patrisi alimsogezea kopo kwa kidole kimoja. "Mpelekee huyo mwenyewe ujumbe wangu. Mwambie Patrisi amesema achinjwe, azikwe, na nyama asionjeshwe hata mbwa. Ngozi ya namna hiyo haifai hata kutengeneza kandambili. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kesho nikikuta bado anapumua, naleta serikali."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno. Usipunguze."

Resiato alilifunga kopo kwenye pindo la shuka, akaondoka bila kuaga.

Jioni Patrisi alikamua mwenyewe, kama alivyofanya kwa miezi minane tangu mkewe Selina aende kwa dada yake Dar es Salaam. Alimkumbuka hasa wakati wa kukamua. Mke wangu akiingia jikoni, masufuria yanatafuta pa kupita: hivyo ndivyo alivyozoea kuwachekesha wageni, Selina akiwa amesimama pale pale na trei ya chai, naye akicheka. Katika simu yake ya mwisho alikuwa ameanza habari za daktari fulani. Patrisi alimkatia simu, maana ulalamishi wa mwanamke hauna mwisho.

Aliwapapasa ng'ombe wake mmoja mmoja, kutoka shingoni hadi mkiani. Hakupata kipele. Hata hivyo aliogopa, na hofu ilimwongezea hasira, akamlaani Resiato na ukoo wake wote.

Asubuhi hakufungua duka. Alivaa mabuti, akajitwika bomba la dawa ya kuua wadudu mgongoni, akavuka korongo.

Uwanja wa Resiato ulikuwa umefagiwa. Hapakuwa na zizi, hapakuwa na kinyesi, hata harufu ya ng'ombe haikuwapo. Kwenye kamba vilianikwa vitambaa vyeupe vya pamba, vingi, vimekatwa sawasawa. Wamemhamisha, Patrisi aliwaza, na damu ikampanda kichwani. Wajinga hawa wanatembeza ugonjwa wilaya nzima.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mwanamke mwembamba alikaa kwenye kigoda, amempa mgongo, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa ameinua mkono mmoja, anajipaka mafuta kwapani. Ngozi ya mkono ilining'inia kama shati la kuazima, na chini yake palikuwa pekundu, pamechubuka. Mtumishi, Patrisi alijiambia, na kwa hali ile hata utumishi hauwezi.

"Wewe mama, huyo ng'ombe mmemficha wapi?"

Mwanamke hakushtuka. Alikunja kitambaa kimoja, akakiweka taratibu kwapani, akashusha mkono. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo Patrisi alikuwa amelala ubavuni mwake miaka kumi na mmoja:

"Karibu, Baba Isaya. Resiato ameniambia umeagiza nichinjwe."