Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Sembuli alikuwa amekwisha kulifunga godoro lake kwa kamba wakati Bi Mashavu, mwenye nyumba, alipoingia.

"Godoro limekukosea nini?"

"Muuguzi amesema ni kifua kikuu, mama. Nimeanza dawa, lakini najua hutanitaka tena hapa."

"Siku hizi unanisemea?" Bi Mashavu alikitazama chumba kile kisicho na dirisha. Vyumba vyote vya mtaa ule vilijengwa hivyo, ili viingie vingi katika kiwanja kidogo. "Aliyekutangulia naye alikohoa humu humu. Nikasingizia sigara zake."

"Mimi sivuti, mama."

"Najua, na kila usiku nakusikia ukikohoa. Ndiyo maana nimekuja na hii." Alitoa nyundo chini ya kanga. "Toka nje, mwanangu, usije ukala vumbi."

Sembuli alisimama mlangoni, akamsikiliza akigonga na kuutukana ukuta wake mwenyewe. Tofali likaanguka, kisha jingine, na upepo ukaingia.

Bi Mashavu alichungulia. Ng'ambo ya uchochoro ulisimama ukuta wa jirani, usio na hata tundu. Nyuma ya ukuta huo mtu alikuwa akikohoa.

"Nani huko?" aliita, nyundo ingali mkononi.