Buabua wa Mtaa wa Tremont

Buabua alipita mbele ya duka la mikate, akakunja kona bila kutazama nyuma.

Drusilla Peck aliangusha mkate wake. Mabawa meupe, utosi mweusi, mdomo mwekundu: ndiye! Majira mawili ya joto alikuwa amelala visiwani akimtafuta ndege huyo wa baharini, akaambulia viota vitupu na maganda ya risasi. Yule aliyekaushwa wa makumbusho alikuwa ameliwa na nondo hadi shingoni. Na kesho bunge la jimbo lingepiga kura. Waheshimiwa walishasema hawawezi kumtungia sheria ndege wasiyemjua hata sura. Bila mchoro, hakuna sheria.

Akakumbatia sanduku la rangi, akatoka mbio.

Boston yote ilikuwa barabarani asubuhi hiyo ya Januari, watu na magari ya farasi. Katika umati ule Drusilla aliuona utosi mweusi tu, ukipanda na kushuka. Buabua akapishana na bundi mchana kweupe. Hakuna aliyemshtukia mwenzake. Upepo ukavuma. Buabua akatikisika mabawa kidogo, akaendelea na safari.

Polisi akamzuia Drusilla. "We dada, unakimbizwa?"

"Nakimbiza ndege, afande! Niachie!"

Polisi akatazama juu. "Kwa baridi hii? Angani hakuna hata kunguru."

"Nani kakuambia angani?"

"Haya, nenda," polisi akacheka. "Ukimkamata, mpe salamu zangu."

Buabua akapanda ngazi za jengo la mawe, akaingia ndani. Moyo wa Drusilla ukaruka. Lilikuwa jengo la Chama cha Kulinda Ndege!

"Amekuja kujitetea mwenyewe," akanong'ona, machozi yakimlenga.

Ukumbini wanachama walishajaa, vikombe vya chai mkononi. Mbele yao alisimama mwenyekiti, Bi. Wetherbee, theluji bado mabegani, leso machoni.

"Kina mama wenzangu, wameuawa wote! Sijui ni moyo gani unaoweza kumtendea hivyo kiumbe mzuri namna ile!" Akamwona Drusilla mlangoni. "Mwanangu, hebu tuambie. Umempata?"

Drusilla akavuta kiti hadi mbele kabisa, akafungua sanduku, akachovya brashi.

"Nimempata, mama. Tafadhali, usivue kofia."