Shuka la Rangi ya Maji

Kirobo alikuwa ameinamia ubao wa picha utakaotundikwa nje ya zahanati, mgeni rasmi auone akishuka garini. Wakubwa wa zahanati waliagiza achore wodi yenye dawa tele. Kabati akalijaza, maana kwenye picha dawa haziishi. Kitandani akamlaza Zaina, mkewe, aliyefia kwenye zahanati hiyo hiyo akisubiri chupa moja ya damu.

Mganga mkuu akaja, akakunja uso.

"Mzee wangu, huyu mama wa nini? Mfute! Kitanda kiwe cheupe, king'ae."

"Nimfute tena, mkuu? Si mlishamfuta?"

"Usinitafutie maneno. Mgeni anafika saa nane."

Kirobo alikuwa amemchora Zaina kwa rangi ya mafuta, na ilishakauka. Sasa akachukua rangi ya maji, nyeupe, nzito kama uji, ile isiyostahimili mvua. Akamfunika polepole kuanzia miguuni, kama alivyomfunika siku ile. Uso akaumalizia mwisho.

"Umeona? Hata haonekani!" mkuu akafurahi.

Ubao ukatundikwa. Kirobo akaketi kwenye ngazi, akilitazama wingu zito juu ya paa. Honi za msafara zilipolia kule kona, tone la kwanza liliangukia shuka, pale penye jicho.