Chumvi ya Kondoo wa Felician

"Njoo, mshenzi wewe," Jilala alibembeleza, magoti yakiwa kwenye samadi, kiganja kimejaa chumvi. "Njoo ulambe, laana kubwa wewe."

Kondoo alirudi nyuma mpaka akagonga miti ya zizi. Alikuwa dume mweusi, mwoga wa kila mtu. Tangu azaliwe alimwamini binadamu mmoja tu, Felician, kaka yake Jilala, na Felician alikuwa na wiki tatu kaburini. Walikuwa wawili wakichimba kisima, Felician chini, Jilala juu ameshika kamba. Kamba ikakatika. Msibani Jilala alilia kuliko wanawake wote wa Runzewe.

Sasa aliitaka kaya ya marehemu: nyumba, ng'ombe wote zizini, na majaruba ya mpunga. Mtoto pekee, Ansgar, alikuwa bado ananyonya. Kizuizi kilichobaki kilikuwa huyu kondoo.

Maana ukoo ule ulikuwa na desturi yake, ambayo padri aliikemea kila Kwaresima na hakufua dafu. Siku ya kumaliza matanga ndugu hukaa duara uwanjani, kondoo wa marehemu huletwa katikati, na mjane humuuliza swali moja kwa sauti. Likishatamkwa halirudi. Mtu ambaye kondoo atamwendea ndiye jibu, kwa kuwa kondoo, walisema, hajui kusema uongo. Warithi walipatikana hivyo. Mara moja alipatikana hivyo mchomaji wa ghala, akatimuliwa kwa fimbo hadi Isaka na hakuonekana tena.

Safari hii wazee walishakubaliana kwamba swali ni nani ashike kaya. Kondoo asipomwendea mtu, kaya ingebaki kwa mjane na mwanawe.

Basi kila asubuhi Jilala alikuwa zizini. Mwaka ule wa 1981 chumvi ilikuwa adimu, watu walipanga foleni dukani kutwa nzima wakarudi na vikapu vitupu. Mkewe, Epifania, alipika mlenda chapwa wiki nzima na kununa. Jilala alimwambia anyamaze au arudi kwao. Jilala alimchukia yule mnyama kwa moyo wote, akachukia macho yake, kinyesi chake, hata namna alivyotafuna. Mara mbili uvumilivu ulimshinda akampiga teke, na mara zote mbili ikabidi aanze upya.

Siku ya tisa kondoo alilamba kiganja kwa mara ya kwanza. Siku hiyohiyo mjane, Melania, alipita na ndoo ya maji kichwani. Jilala aliuficha mkono mgongoni.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama, Mama Ansgar. Namwangalia kwato. Naona anachechemea."

Melania alimtazama kondoo, aliyekuwa bado anajilamba midomo. "Wabeja, asante sana, shemeji. Mimi hanitaki kabisa. Nikisogea tu, huyo!"

Alitua ndoo, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha gazeti kuukuu. Ilikuwa chumvi, labda yote aliyokuwa nayo.

"Mpe na hii. Asije akakonda kabla ya matanga."

Jilala aliipokea kwa mikono miwili, na Melania alipompa kisogo alitema mate chini. Mwanamke mjinga namna hii, aliwaza, kaya ya nini? Wiki ijayo atarudi kwao na mwanawe mgongoni.

Kufikia siku ya matanga kondoo alikuwa akisikia kikohozi cha Jilala tu anakuja mbio, anamsugulia kichwa pajani.

Ndugu walikaa duara. Jilala alichagua kukaa mwisho kabisa, ili watu wamwone mnyama akiwapita wote kumfuata yeye. Mzee Mabula, mkubwa wa ukoo, alimshika kondoo shingoni. Melania akaingia katikati, mtoto kifuani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti yetu. Uliza."

Jilala alikohoa. Kondoo alisimamisha masikio, akaanza kujivuta upande wake, hata Mzee Mabula akahitaji mikono yote miwili kumzuia. Watu walinong'onezana. Jilala alitabasamu, akanyoosha miguu kama mtu aliyekwisha kufika kwake.

Melania alisubiri minong'ono iishe.

"Kondoo wa Felician," alisema, na sauti yake ikafika hadi nje ya ua, "tuonyeshe aliyemuua mume wangu."

Mzee Mabula alimgeukia, lakini swali lilishatamkwa. Akamwachia kondoo.

"Toka!" Jilala alipiga kelele. Aliokota jiwe, akalitupa, akakosa, akainuka kukimbia. Kondoo akamfuata.