Kichupa cha Dirishani

Bibi mmoja ambaye Mkude, mwanagenzi wa maabara, hakumfahamu aliingia maabarani bila hodi, kichanga kifuani.

"Wewe ndiye uliyempima mjukuu wangu jana, ukasema manjano yake ni kidogo?"

"Ndimi, bibi," Mkude alijibu.

"Haya, mtazame."

Mtoto alikuwa wa manjano mpaka nyayoni, amelegea hata kulia hawezi. Mkude akageukia dirisha, uso ukamwaka kwa aibu. Jana alikiacha kichupa cha damu pale juani akaenda kunywa chai, ilhali alifundishwa kwamba jua hufifisha bilirubini, ile rangi ya manjano iliyomo damuni, na kipimo hudanganya.

Akatoa damu nyingine, akakifunga kichupa kwa foili isipitishe mwanga. Kipimo kikaja mara tatu ya jana.

"Imepandaje hivi?" bibi aliuliza.

"Haikupanda. Nilikosea mimi."

Bibi alimweka mtoto sawa kifuani. "Basi kamwambie daktari kwa mdomo wako. Mwanangu, mama yake huyu, asije akalaumiwa."

"Naahidi, bibi."

Mtoto akalazwa chini ya taa ya buluu ya kupunguza manjano. Daktari, ambaye wiki hiyo ndiye angeamua kama Mkude aajiriwe, aliguna.

"Jana kipimo kizuri, leo mtoto kama embe bivu! Mama yake hakumnyonyesha huyu, ndiyo maana imepanda."

Bibi alimgeukia Mkude.

Mkude akaweka kichupa cha jana mezani. "Si kosa la mama, daktari. Hiki nilikiacha juani, kipimo cha jana kikadanganya."

Chini ya mwanga wa buluu, mtoto alikunja vidole vya mguu, akavikunjua polepole.